Nili na lakiri zaingia kwenye elektroniki: nani atavuna?

Nili, lakiri, kitani, uyoga na majani ya miti. Mtu akikutana na orodha hiyo anaweza kudhani ni hati ya shehena ya jahazi la zamani lililotia nanga Zanzibar likitokea Bombay. Sivyo. Hizo ni baadhi ya malighafi ambazo maabara za Ulaya zimekuwa zikizijaribu kwa zaidi ya miaka 10 sasa, ili kutengeneza vifaa vya elektroniki vinavyoweza kuoza ardhini au kuyeyushwa vikishamaliza kazi.

Habari za namna hii zikifika sokoni huwa na mvuto wa pekee. Ndani yake kuna sayansi, kuna usafi wa mazingira, na kuna mali ambayo mfanyabiashara wa kawaida anaijua kwa jina. Mwenye fedha kidogo za akiba huanza kujiuliza kama huu si wakati wa kuwahi kabla bei haijapanda. Wiki hii tumeona tulipime jambo hili kwa mizani ya biashara: ni kipi kinachofanya kazi kweli, ni kipi bado kipo maabara, na fedha zinaweza kutokea wapi.

Tuanze na tatizo lenyewe, kwa kuwa ndilo linalotarajiwa kuleta soko. Kwa mujibu wa taarifa ya Umoja wa Mataifa kuhusu taka za kielektroniki iliyotolewa mwaka 2024, dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka hizo mwaka 2022. Zilizothibitika kukusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu ni asilimia 22.3 tu. Kwa Afrika kiwango hicho hakifiki hata asilimia 1. Taarifa hiyo ilikadiria kuwa metali zilizokuwemo katika taka za mwaka huo zilikuwa na thamani ya dola bilioni 91 za Marekani, zikiwemo shaba ya dola bilioni 19, chuma cha dola bilioni 16 na dhahabu ya dola bilioni 15.

Kwa hiyo mali imo. Kinachosumbua ni namna ya kuitoa. Bodi ya saketi, ile sahani ya kijani iliyomo ndani ya redio, simu au kompyuta, hutengenezwa kwa nyuzi za kioo zilizogandishwa na gundi ya epoksi, na mara nyingi hutiwa dawa za kuzuia moto zenye bromini. Epoksi ikishakauka haiyeyuki tena. Viwanda vikubwa, kama kile cha Umicore kilichopo Hoboken nchini Ubelgiji, huzitia bodi katika tanuri zenye mitambo ya kunasa moshi na kutoa shaba na dhahabu. Asiye na tanuri la namna hiyo huwasha moto uani, huvuta sumu, na mwisho hupata shaba peke yake.

BODI INAYOYEYUKA

Hapo ndipo ilipoingia kampuni ya Jiva Materials ya Uingereza. Bodi yake, iitwayo Soluboard, imetengenezwa kwa nyuzi za kitani zilizofungwa kwa polima inayoyeyuka majini. Bodi hiyo ikitumbukizwa katika maji ya moto ya nyuzi joto 90 za Selsiasi, tabaka zake huachana. Nyuzi hubaki upande wake, na chipu na vipande vingine hutoka vikiwa vizima bila kuchomwa. Julai 2023 kampuni kubwa ya chipu ya Ujerumani, Infineon, ilitangaza kuwa imeanza kuitumia kwa bodi zake za maonyesho, yaani zile zinazopelekwa kwa wahandisi wa wateja ili wajaribu bidhaa kabla ya kununua. Wakati huo bodi 500 hivi zilikuwa zimeshaingia kazini. Infineon ilisema kwamba kila mita ya mraba ya bodi ya aina hiyo inaokoa kilo 10.5 za hewa ya ukaa na gramu 620 za plastiki.

Msomaji aangalie vizuri neno "maonyesho". Bodi ya maonyesho hukaa mezani, chumba kikiwa na kiyoyozi, kwa miezi michache. Haiingii chini ya boneti la lori linalotoka Dar es Salaam kwenda Tunduma, wala haikai mfukoni mwa mvuvi. Infineon walianzia mahali ambapo kifaa kina maisha mafupi na mazingira yake ni rahisi. Hilo linastahili sifa, ila linaonyesha pia mpaka wa bidhaa yenyewe ulikuwa wapi.

Joto ndilo kikwazo kikubwa, na hapa pana kichekesho kidogo. Zamani mafundi walichomelea kwa mchanganyiko wa bati na risasi unaoyeyuka kwenye nyuzi 183. Ulaya, kwa nia njema ya kupunguza sumu, ilipiga marufuku risasi katika vifaa vingi vya elektroniki kuanzia Julai 2006. Michanganyiko iliyochukua nafasi yake huyeyuka kwenye nyuzi 217 au zaidi, na tanuri za viwandani hupandishwa hadi karibu nyuzi 250. Plastiki inayotokana na wanga wa mahindi, ambayo ndiyo inayopatikana kwa wingi kati ya zile zinazoweza kuoza, huanza kuyeyuka kabla ya nyuzi 180. Sheria moja ya mazingira ikawa imeifungia mlango bidhaa nyingine ya mazingira. Njia ya kutokea ipo: bati likichanganywa na bismathi huyeyuka kwenye nyuzi 138. Lakini viungo vya bismathi ni vikavu, havipendi kudondoshwa, na mwenye kiwanda atahitaji sababu nzito kabla ya kubadilisha mtambo mzima.

Wengine wameukwepa ukuta huo kwa kutafuta mali ghafi inayohimili joto yenyewe. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johannes Kepler kilichopo Linz, Austria, walichapisha matokeo ya kuotesha uyoga aina ya Ganoderma na kuvuna ngozi yake ya juu. Ngozi hiyo ikikaushwa huwa kama karatasi nene, hukunjika mara nyingi bila kukatika na huvumilia zaidi ya nyuzi 200. Ikitupwa kwenye mboji huoza kwa wiki kama mbili. Mwaka 2024 Chuo Kikuu cha Ufundi cha Dresden, Ujerumani, kilitumia mifupa ya majani, ule wavu unaobaki jani likishaliwa nyama yake, kikaupaka selulosi na kupata bodi inayostahimili uchomeleaji. Haya ni mazuri kusoma. Hadi sasa hakuna hata moja kati ya hayo lenye bei ya jumla.

Betri nazo hazikuachwa. Taasisi ya Empa ya Uswisi ilionyesha mwaka 2022 betri ya karatasi yenye zinki upande mmoja na grafaiti upande wa pili, ambayo huamka ikidondoshewa matone 2 ya maji. Ndani ya sekunde 20 ilitoa volti 1.2, betri ya kawaida ya tochi hutoa volti 1.5. Baada ya saa moja hivi karatasi ilianza kukauka na nguvu ikashuka. Kwa tochi hiyo si mali. Kwa kipande cha kupimia maradhi kinachotumika mara moja na kutupwa, saa moja ni muda mrefu.

HESABU YA MFANYABIASHARA WA MAZAO

Sasa tuje kwenye nili na lakiri, kwa sababu hapo ndipo tunapoona watu wanaweza kupotea.

Mwaka 2012 kundi la Linz, likiwa na watafiti Mihai Irimia-Vladu, Siegfried Bauer na Serdar Sariciftci, lilionyesha kwamba nili, rangi ileile iliyotiwa kwenye kaniki za bibi zetu, ni nusukipitishi. Maana yake ni kwamba inaweza kupitisha umeme au kuuzuia kadiri inavyoamrishwa, na hiyo ndiyo kazi ya transista. Mwaka uliofuata walionyesha kuwa lakiri inaweza kuwa sakafu ya transista hizo na pia kihami, yaani kizuizi cha umeme. Mbili hizo zikiunganishwa, umepata saketi ambayo sehemu yake kubwa imetoka kwenye mmea na mdudu.

Lakiri wengi wanaijua kama ile gundi nyekundu ya kupigia mihuri barua za serikali. Asili yake ni wadudu wadogo wa India na Thailand wanaofyonza utomvu wa miti na kufunika matawi kwa ganda gumu. Jimbo la Jharkhand ndilo linaloongoza kwa zao hilo India. Seremala huipaka kwenye fanicha, kiwanda cha dawa huitumia kung'arisha vidonge. Kabla ya plastiki kushika soko miaka ya 1950, santuri zilitengenezwa kwa lakiri. Siti binti Saad aliposafiri kwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi, nyimbo zake zilirudi Zanzibar zikiwa zimekandamizwa ndani ya lakiri. Vita vilipozuia meli za mashariki, serikali ya Marekani iliamuru Aprili 1942 watengenezaji wa santuri wapunguze matumizi ya lakiri kwa asilimia 70. Zao linalotegemea msimu, wadudu na nchi mbili halina mto wa kulalia wakati wa shida.

Zao la namna hiyo huwavutia walanguzi pia. Katika miaka ya 1930 kundi la wafanyabiashara wa London lililoongozwa na Garabed Bishirgian lilijitumbukiza kwenye lakiri, kisha likalimbikiza pilipili nyeupe kwa fedha za kukopa. Februari 1935 mzigo ukawashinda na kampuni yao ya James and Shakspeare ikaanguka. Mwaka uliofuata Bishirgian na wenzake 2 walitiwa hatiani, na kosa lilihusu waraka wa matarajio: wananchi waliuziwa hisa bila kuelezwa kwamba fedha zao zinakwenda kushikilia pilipili. Tunaikumbusha habari hiyo kwa sababu waraka unaotaja jina la zao zuri na kukaa kimya kuhusu mahali fedha zinapokwenda haujapitwa na wakati.

Je, elektroniki ikihamia kwenye nili, mkulima au mwenye ghala atafaidika? Chukua karatasi upige hesabu. Tabaka la nili katika transista lina unene wa kiasi cha nanomita 100, yaani sehemu 1 ya 10,000 ya milimita. Kwa uzito wa nili, gramu 1 inatosha kufunika mita za mraba 7. Tani 1 itafunika kilomita za mraba 7, eneo kubwa kuliko elektroniki yoyote ya nili ambayo mtu yeyote amewahi kuifikiria. Suruali moja ya jinzi inabeba gramu kadhaa. Duka moja la nguo la Kariakoo lina nili inayoweza kukidhi maabara zote hizo na chenji ikabaki.

Na hata hiyo gramu si lazima itoke shambani. Kampuni ya BASF ya Ujerumani ilianza kuuza nili ya kiwandani mwaka 1897. Wakati huo nili ya mimea duniani ilikuwa takribani tani 19,000 kwa mwaka; ilipofika 1914 ilikuwa imeshuka hadi kama tani 1,000. Mashamba ya Bengal na Bihar hayakuinuka tena. Kemia haijali molekuli ilizaliwa wapi, na mnunuzi wa viwandani anataka mali yenye usafi uleule kila mwezi. Anayeshawishiwa leo kuweka fedha katika shamba la nili kwa hoja ya transista atafute hoja nyingine.

Penye tani ni kwenye bodi yenyewe, kwa maana ya nyuzi. Msomaji wa Tanga au Voi atauliza: na katani je? Swali ni la haki. Kitani kina nyuzi laini na nyembamba, na Ufaransa na Ubelgiji wanakilima karibu kabisa na viwanda vinavyokihitaji. Katani ni nyuzi ngumu, nene, zilizozoea kamba na magunia, na bodi ya saketi inataka uso usio na mawimbi. Tungeliona jambo hili kuwa kazi ya chuo kikuu kwa sasa. Mwenye shamba la katani auze kamba, mazulia na malighafi ya plasta kama anavyouza, na bodi ziwe ziada kama zitakuja.

NENO "OGANI" NA HISA ZAKE

Katika masoko ya hisa ya nje kuna neno linalowachanganya wengi, nalo ni "ogani". Kwenye mboga lina maana ya kulimwa bila kemikali. Kwenye elektroniki lina maana tu ya kutumia molekuli za kaboni, na nyingi kati ya hizo hazitaoza sisi wala wajukuu wetu tukiwa hai. Alan Heeger, Alan MacDiarmid na Hideki Shirakawa walipata tuzo ya Nobel mwaka 2000 kwa kugundua plastiki zinazopitisha umeme. Vioo vya simu vya kisasa vinavyoitwa OLED ni elektroniki ogani, na vingi vina chembe za iridi, metali adimu kuliko dhahabu. Ni biashara kubwa, lakini haina uhusiano na mboji.

Hata huko kwenye biashara kubwa, uvumilivu uliohitajika haukuwa mdogo. Kampuni ya Universal Display ya Marekani, inayouza hataza na malighafi za OLED, iliingia soko la hisa mwaka 1996 na ikachukua miaka kama 15 kabla ya kumaliza mwaka ikiwa na faida. Aliyekuwa na subira alilipwa vizuri sana. Aliyekuwa na karo ya mtoto ya kulipa mwaka wa tano aliuza kwa hasara.

Wapo ambao hawakulipwa kabisa. Konarka, kampuni ya Massachusetts iliyoanzishwa mwaka 2001 kutengeneza sola za plastiki, ilikuwa na Heeger mwenyewe miongoni mwa waasisi wake. Ilikusanya zaidi ya dola milioni 170, ikachukua kiwanda cha zamani cha Polaroid, na Juni 2012 ikafilisika. Sola zake zilifanya kazi. Sola za silikoni kutoka China zilifanya kazi ileile kwa bei ndogo zaidi.

Upande wa plastiki zinazooza, Danimer Scientific ya Georgia iliingia soko la New York mwishoni mwa 2020. Februari 2021 hisa moja ilivuka dola 60. Machi 2025 kampuni ilikwenda mahakamani kuomba kinga ya mufilisi. Viwanda vyake vilikuwa vya kweli na plastiki yake ilioza kweli. Gharama za ujenzi, madeni na wateja waliosita ndivyo vilivyoimaliza.

Kwa sasa mwekezaji mdogo hana mlango wa moja kwa moja. Jiva haijawahi kuwa kampuni ya soko la hisa. Vyuo vya Linz na Dresden haviuzi hisa. Anayenunua hisa za Infineon huko Frankfurt ananunua hasa chipu za magari na za mitambo ya umeme. Bodi 500 za kitani ni tone baharini. Ikitokea mtu akakuletea hisa za "elektroniki ya kijani" kwa njia ya simu, muulize maswali 3: mteja ni nani, bodi inachomelewa kwa joto gani, na mita ya mraba inauzwaje ikilinganishwa na ile ya nyuzi za kioo. Asipokuwa na jibu la swali la tatu, hakuna haja ya kusubiri majibu mengine.

CHAKAVU NA BANDARI

Wafanyabiashara wa vyuma chakavu na vifaa vilivyotumika, kwa upande wao, wana mambo ya karibu zaidi ya kuangalia. Tangu 1 Januari 2025 marekebisho ya Mkataba wa Basel yanataka taka zote za kielektroniki zinazovuka mpaka, zenye sumu na zisizo na sumu, zipate kwanza idhini ya nchi zinakokwenda na zinakopita. Hapo awali taka zisizo na sumu zilipita kirahisi. Kontena la bodi linaloondoka Mombasa au Dar es Salaam kwenda kwenye tanuri za Ulaya linahitaji karatasi hizo sasa, na karatasi ni muda, na muda ni gharama ya ghala. Wanunuzi wadogo wameshaanza kuwa na sababu ya kuuza kupitia kwa wakubwa wenye vibali.

Hapa ndipo bodi inayoyeyuka, kama ikishuka bei, ingeweza kubadilisha biashara kuliko nili na lakiri zote. Leo mkusanyaji hawezi kutenganisha dhahabu na sahani bila tanuri au asidi, kwa hiyo husafirisha uzito wote, na sehemu kubwa ya uzito huo ni kioo na gundi visivyo na soko. Sahani ikiachia kwa maji ya moto, sufuria, kuni na chujio vinatosha kwa hatua ya kwanza. Mzigo unaopanda meli unapungua, na chipu nzima inaweza kupimwa na kuuzwa tena kama chipu badala ya kusagwa.

Hata hivyo bodi zinazofika kwenye mizani za wakusanyaji leo zilitengenezwa miaka mingi iliyopita, kwa epoksi. Kama viwanda vya China na Taiwan vingehamia kwenye kitani mwaka ujao, jambo ambalo hakuna dalili yake, bodi hizo zingeanza kufika kwa wanunuzi wa chakavu baada ya simu na redio zake kuchoka. Mpaka hapo bei ya kilo itaendelea kufuata dhahabu na shaba. Zikifika, mnunuzi atalazimika kuzitambua na kuzitenga, kwa sababu gunia moja lenye bodi za aina mbili haliwezi kutiwa katika sufuria moja, na anayeuza atataka bei ya kile kitakachobaki kwenye chujio.